Bei ya Jina na Bei ya Mtambo

Kampuni ya kukodisha mitambo inapomnunua mshindani wake, swali zito si kiasi ilicholipa, bali kiasi hicho kimegawanywaje vitabuni. United Rentals ya Marekani ilipoinunua RSC mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 4.2, madeni yakiwemo, kanuni za uhasibu ziliitaka iithamini upya mitambo kwa bei ya soko. Kile kinachozidi thamani ya mali zinazotambulika, madeni yakishaondolewa, huandikwa kuwa thamani ya jina. Dola iliyowekwa kwenye mtambo hupunguza faida kila mwaka kwa uchakavu. Iliyowekwa kwenye jina hubaki ilivyo, hadi ukaguzi uonyeshe imeshuka.

Wapo wanaosema kuifuta thamani hiyo si hasara ya kweli, kwani siku hiyo hakuna fedha inayotoka. Sawa, lakini fedha ilikwishatoka siku ya ununuzi. Mwaka 2008, uchumi ulipodorora, kampuni hiyohiyo ilifuta zaidi ya dola bilioni 1: kukiri kwamba manunuzi ya awali hayakuzaa yaliyotarajiwa. Kwa hiyo mwekezaji auchunguze mgawanyo kwanza, ndipo aisifu faida.