Ukiahidiwa "tutainua wastani", uliza wastani wa nani

Uzi. Haya ni maneno niliyowaambia vijana na wazazi kwenye kikao chetu hapa Kitengela. Nimeyakata vipande yasomeke kwa simu. Kanuni ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunataja jambo.

1/ Wazazi wangu, vijana wenzangu, hamjambo? Nimepewa dakika kumi, na mada ni elimu. Kampeni zikifika, kuanzia hapa Kitengela, Isinya, mpaka Kajiado mjini, kuna sentensi moja haikosi jukwaani: "Tutainua wastani wa shule zetu." Watu wanapiga makofi. Leo tuulize, hiyo ni ahadi ama ni wimbo?

2/ Kwanza, nani ana mamlaka? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili zilibaki kwa serikali ya kitaifa, na walimu wake wa umma wanaajiriwa na TSC. Kwa hivyo MCA akikuahidi wastani wa shule ya upili, anakuahidi ng'ombe wa jirani. Pesa za NG-CDF zinaweza kujenga darasa, sawa. Lakini darasa si somo.

3/ Pili, wastani wenyewe. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A kwenye KCSE. Mwaka 2016, wizi wa mitihani ulipobanwa, A zilikuwa 141. Watu walibishana pia kuhusu usahihishaji wa mwaka huo, lakini jiulize: kwani watoto wa Kenya walipoteza akili kwa miezi kumi na miwili?

4/ Si sisi pekee. Kule Atlanta, Marekani, ripoti ya 2011 iliwahusisha walimu na wakuu 178 katika shule 44 na udanganyifu wa mitihani, ikiwemo kufuta majibu ya watoto na kuandika mengine. Walikuwa wamewekewa shabaha za alama, na kuzikosa kulikuwa na adhabu. Wahenga walijua: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ukisifu debe limejaa na huonji, utauziwa maji.

5/ Sasa kuna mtu ameinua mkono anasema, "Basi tuache kupima." Hapana! Utafiti wa Uwezo wa 2021 ulionyesha kwamba ni watoto wawili tu kati ya watano wa Gredi ya Nne walioweza kusoma vizuri hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha Gredi ya Tatu. Bila kupima tusingejua. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, tunasahau kwamba kibaba chenyewe ni kipimo. Swali ni nani anashika kibaba, na anapima nini.

6/ Serikali ilijaribu. Tangu 2016 TSC imekuwa na TPAD, ambapo kila mwalimu anaweka malengo na kutathminiwa na msimamizi wake shuleni. KNUT ililalamika kwamba inamjazia mwalimu makaratasi na kumla muda wa kufundisha. Nawasikia pande zote. Mwajiri ana haki ya kujua kazi inaendaje. Lakini fomu ya mtu mmoja mmoja, inayoweza kugusa kazi yake, itajazwa ionekane safi. Nani atajiandikia kwamba watoto wake thelathini hawasomi?

7/ Kuna mfano mwingine hapa hapa nyumbani. Mradi wa Tusome ulianza 2015 kwa madarasa mawili ya kwanza ya shule za msingi za umma. Lengo lake lilieleweka hata na mzazi: mtoto asome maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili, 65 kwa Kiingereza. Afisa wa mtaala alikuja na kishikwambi, akaketi darasani, akasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu kuhusu somo lile lile. Idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilishuka. Kasoro ipo: mtoto anaweza kukimbiza maneno bila kuelewa. Basi muulize maswali baada ya kusoma.

8/ Sasa chukua wazo hilo, ulipe timu. Tuseme shule ina walimu wanne wa Gredi ya Tatu na watoto 160. Wiki ya kwanza ya muhula, kila mtoto anasoma aya moja fupi. Sitini wanashindwa. Walimu wanaandika: kufikia wiki ya kumi, wasizidi thelathini. Mwalimu hasikilizi darasa lake, anasikiliza la mwenzake. Kila Ijumaa ya pili wanaketi dakika arobaini. Mezani kuna majina ya watoto, si majina ya walimu. Nani bado? Tumejaribu nini? Ni nani kati yetu watoto wake wamesonga, atuonyeshe alivyofanya?

9/ Hilo ndilo lengo la kupimika. Lina idadi, lina tarehe, lina mtu wa kukagua, na lina kazi ya Jumatatu asubuhi. Wastani hauna kazi ya Jumatatu.

10/ Na Kajiado tuna sababu zaidi. Kitengela ni mji wa wapangaji. Kodi ikipanda ama kazi ya EPZ ikiisha, mzazi anahama na mtoto katikati ya muhula. Kwenye maboma ya mbali, ukame ukibana, familia inafuata malisho, na kuna watoto wanaoanza shule wakijua Kimaa pekee. Ukilinganisha wastani wa mwaka huu na wa mwaka jana, mara nyingi unalinganisha watoto tofauti. Mfuate mtoto yule yule: Januari alikuwa wapi, Machi yuko wapi.

11/ Tusidanganyane pia. Mwalimu mwenye watoto tisini hatatibiwa na daftari la malengo. Anahitaji mwenzake wa kugawana darasa. Mwanasiasa anayedai matokeo bila kuulizia walimu na vitabu anamsukumia mwalimu deni lake yeye. Ila hata walimu wakiongezwa kesho, wasipojua ni mtoto gani hasomi, atafika Gredi ya Sita vivyo hivyo, kimya, dawati la nyuma.

12/ Kwa hivyo jukwaani, uliza maswali matatu. Moja, unachoahidi kiko kwenye ofisi unayoomba? Mbili, utapima nini, lini, na nani atakagua asiyekuwa na faida ya kudanganya? Tatu, timu ya walimu itapata nini ili ifike hapo: muda, vitabu, wenzao? Akijibu moja tu kati ya matatu, punguza makofi.

Mimi nimemaliza. Walimu mlio humu, semeni shuleni kwenu mnaketi mkijadili majina ya watoto, ama mnajaza fomu tu? Na wazazi, jioni hii mpe mtoto ukurasa mmoja akusomee, kisha umuulize ameelewa nini. Maoni chini, bila matusi.