Mikono Saba kwenye Karatasi: Selimundu na Kazi katika Familia Kubwa



Kuhusu selimundu yenyewe sitawachosha. Mnajua kwamba Herrick alieleza chembechembe zenye umbo la mundu mwaka 1910, Pauling akaonyesha mwaka 1949 kuwa kasoro imo kwenye himoglobini, na Allison mwaka 1954 akaeleza namna jeni moja inavyomkinga mtoto na malaria kali, ilhali jeni mbili humtesa maisha yake yote. Mnajua pia kwamba Tanzania imo miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Leo nimekuja kugombana na sentensi moja: "Familia ya Kiafrika hujibeba."

Hoja yake ni kwamba mtoto mmoja akiugua katika nyumba ya watoto wanane, wapo saba wa kumuuguza. Basi Serikali ijenge maabara na kununua dawa, ulezi uachiwe ukoo. Tunaitikia kwa kichwa, maana inatusifu.

Tuanze na hesabu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni hii, kila ujauzito una uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa, na robo hiyo haina kumbukumbu. Mama aliyekwisha kuzaa mgonjwa mmoja hajamaliza zamu yake, hata kama majirani humfariji hivyo. Wazazi hao wakizaa wawili, uwezekano wa kutopata mgonjwa hata mmoja ni asilimia 56. Wakizaa wanane, unashuka hadi asilimia 10. Kwa wastani, wagonjwa watakuwa wawili, na katika wale wazima theluthi mbili watabeba jeni kwenda nayo kwenye ndoa zao. Mtoa hoja amehesabu mikono, akasahau kuhesabu vitanda.

Sisemi watu wazae wachache. Atakayeichukua hesabu hii kumsimanga mama mwenye watoto wengi, nitagombana naye pia.

Sasa hiyo mikono yenyewe. Nimekulia kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mara, katika nyumba ya watoto wengi, na mdogo wangu mmoja alikuwa na selimundu. Baba na kaka zetu walikwenda ziwani usiku kuvua dagaa. Baridi ya masika ilipomkamata mtoto magotini, aliyeamka ni dada yetu mkubwa. Alichochea moto, akachemsha maji, akachovya kipande cha khanga, akakikamua na kumkanda. Kisha alimshikia kikombe anywe, apumzike, anywe tena, kwani mwili ukipungukiwa maji maumivu huzidi. Alfajiri alianika dagaa, akachota maji, akafika shuleni kengele imekwisha kulia. Aliandikwa mtoro, na darasa la sita akaacha. Sisi wengine tulilala. Hakuna aliyemteua, kazi ilimfuata kwa kuwa ni binti na ni mkubwa. Mgonjwa naye, kwa kuogopa maji baridi ya ziwa, aliitwa mvivu.

Hapa niruhusuni nikae kidogo na tabibu wa Ghana, Felix Konotey-Ahulu. Yeye alifuatilia ugonjwa huu ndani ya ukoo wake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1670. Fikirini jambo hilo: miaka 240 kabla ya Herrick, watu wa kabila lake la Krobo hawakuwa na hadubini, lakini walijua nani aliugua na ni mtoto wa nani. Sijapata ushahidi unaonifurahisha kuliko huo. Tumezoea kuuhesabu ukoo mpana kuwa mzigo wa takwimu. Kwake ulikuwa maktaba. Ningetamani kila mwanafunzi wa udaktari aisome nasaba hiyo kabla hajashika sindano. Hata hivyo, nasaba kwa kawaida huandika nani alimzaa nani. Safu ya aliyekesha haimo.

Nipime kwa haki. Familia kubwa imewafaa wengi: mjomba hutoa nauli, shangazi aishiye karibu na kliniki humpokea mtoto, ndugu hujitolea damu. Utafiti wa hospitali ya Muhimbili wa mwaka 2004 hadi 2009 ulikuta vifo vimezidi kwa walio chini ya miaka mitano, na katika umri huo uhai hutegemea mtu wa nyumbani anayegundua homa mapema na kutosahau penisilini. Kwa hiyo ukoo ni wa lazima. Ninachokataa ni kudhani kwamba wingi wa watu hujigawia kazi wenyewe.

Harusi tunaiundia kamati yenye mwenyekiti, mweka hazina na daftari la ahadi, na anayechelewesha mchango hupigiwa simu mpaka aone haya. Ugonjwa wa maisha yote hatuuitishii hata kikao kimoja. Napendekeza kadi ya kliniki iwe na safu ya anayekesha. Muuguzi akikuta jina lilelile kila mwezi, awaite baba na wana wa kiume, zamu zipangwe mbele yake.

Nimeambiwa hilo si suala la kitabibu. Mtoto akikosa maji usiku kucha kwa sababu mlezi wake pekee amezidiwa na uchovu, asubuhi ataletwa wodini, na dripu atakayowekewa itaandikwa kwenye faili kuwa matibabu. Basi na zamu iliyokosekana iandikwe humo humo.