Nani Kaandika, na kwa Nini?

Mazungumzo na wanakisomo waliohitimu



Nimeombwa niseme machache juu ya shule za kimataifa. Mimi nitasema juu ya kipindi kimoja tu kinachosomwa humo: kipindi cha Maarifa ya Jamii. Nimekichagua kwa sababu kinatuhusu sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima. Kusoma sasa tunajua. Je, kila tunachokisoma tukiamini? Hilo ndilo swali langu la leo.

Shule ya kimataifa ni nini?

Ni shule inayopokea watoto wa nchi nyingi kwa pamoja. Mwaka 1924 ilifunguliwa shule ya namna hiyo mjini Geneva, nchi ya Uswisi. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha mwaka 1918. Mataifa yakaunda Ushirika wa Mataifa ili vita kama hiyo isirudi tena, na makao yake yakawekwa Geneva. Wafanyakazi wa ofisi hizo walitoka nchi mbalimbali, na watoto wao walitaka pa kusoma.

Hapa kwetu Tanzania zipo pia. Shule ya Kimataifa ya Tanganyika, mjini Dar es Salaam, ilianza mwaka 1963. Ile ya Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilianza mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Hospitali ya KCMC. Tangu mwaka 2019 shule hiyo ya Moshi imekuwa na jina jipya, UWC East Africa.

Mwaka 1968 liliundwa Geneva shirika la kupanga masomo ya shule za namna hii. Kwa kifupi linaitwa IB. Mwaka 1994 shirika hilo lilitoa mpango wa masomo ya watoto wa miaka 11 hadi 16, yaani umri wa shule ya kati. Wazee wa hapa wanalikumbuka jina hilo la shule ya kati.

Sasa najua mnachowaza. Ada ya shule hizo ni kubwa mno, sisi tutaipata wapi? Ni kweli, ni kubwa mno. Siwaambii mkauze ng'ombe. Nasema kwamba namna yao ya kufundisha haiuzwi dukani. Twaweza kuichukua bure na kuitumia hapa hapa.

Hebu fikirini kazi ya mwalimu wa darasa hilo. Mbele yake amekaa mtoto wa Kitanzania, mtoto wa Kijerumani, mtoto wa Kihindi na mtoto wa Kiingereza. Akieleza habari za ukoloni kwa upande mmoja tu, mtoto mmoja atanyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, nyumbani sikuambiwa hivyo." Basi mwalimu hawezi kusema tu, "Kariri hivi." Anabidi awafundishe kupima habari. Nitawapa mifano miwili.

Mfano wa kwanza: ramani na chungwa

Ramani ya dunia mmeiona ukutani katika shule zetu. Tunaitazama na kuamini kwamba dunia iko hivyo. Lakini dunia ni mviringo, na karatasi ni bapa.

Jaribuni nyumbani. Chukua chungwa, chora juu yake nchi kwa kalamu ya wino. Kisha limenye, ulibandike ganda lote mezani lilale bapa. Utaona ganda linapasuka. Ukitaka lisipasuke, lazima ulivute. Na ukilivuta, michoro yako inabadilika ukubwa au umbo. Kila mchora ramani ana taabu hiyo hiyo.

Ramani moja inayojulikana sana ilichorwa na Gerardus Mercator mwaka 1569. Aliichora kwa ajili ya mabaharia. Nahodha akipiga mstari mnyoofu juu ya ramani hiyo, anajua dira yake aielekeze wapi. Kwa kazi hiyo ni ramani nzuri. Lakini ili mistari hiyo inyooke, nchi zilizo mbali na ikweta zilibidi zivutwe, zikaonekana kubwa kuliko zilivyo.

Matokeo yake ni nini? Kisiwa cha Greenland, kule kaskazini kwenye barafu, kinaonekana kama kinalingana na Afrika. Kumbe Afrika inakizidi kisiwa hicho mara 14. Ujerumani inaonekana karibu sawa na Tanzania. Kumbe Tanzania ina kilomita za mraba kama 945,000, na Ujerumani ina kama 357,000. Ukiziunganisha Ujerumani na Uingereza, bado Tanzania ni kubwa zaidi.

Je, Mercator alitudanganya? La. Alichora kwa kazi ya bahari. Kosa ni la anayeitazama bila kuuliza ramani hii ilichorwa kwa kazi gani. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Ramani nayo imeundwa. Gazeti limeundwa. Kitabu kimeundwa. Hata barua ya ofisini imeundwa na mtu mwenye jambo lake.

Mfano wa pili: karatasi ya Msowero

Mfano wa pili ni wa huku kwetu. Mwezi wa Novemba mwaka 1884, Mjerumani aitwaye Karl Peters alifika Unguja na wenzake. Wakavuka hadi Saadani, wakaingia bara. Kwa majuma machache wakapita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami. Walipofika kwa mwenye mji walimpa zawadi, kisha wakamwekea karatasi atie alama. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani.

Moja ya karatasi hizo ni ya Mangungo wa Msowero, katika wilaya ya Kilosa ya leo. Ni ya tarehe 29 Novemba 1884. Inasema kwamba Mangungo anaitoa nchi yake yote itumiwe na chama cha Wajerumani.

Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani alikipa chama hicho barua ya ulinzi. Sultani Barghash wa Unguja alipinga. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo manowari za Kijerumani zikaja kusimama mbele ya mji wake, naye akakubali. Mpaka leo mtu akiona mkataba wa kutoa mali ya watu bure, husema, "Huo ni mkataba wa Mangungo."

Sasa weka karatasi hiyo mbele ya darasa letu. Mtoto anayejua Kijerumani ataisoma mwenyewe. Mtoto wa Kitanzania hawezi, anangoja mwenzake amfasirie. Papo hapo anaonja kidogo hali ya Mangungo. Na yule wa Kijerumani anaonja kidogo uzito wa kuwa mkalimani. Hakuna aliyetukanwa, na wote wamefahamu.

Maswali manne

Katika shule hizi watoto hufundishwa kuiuliza karatasi maswali manne. Yaandikeni katika madaftari yenu.

Swali la kwanza ni la asili. Nani kaandika, lini na wapi?

Swali la pili ni la kusudi. Kwa nini kaandika, na kwa ajili ya nani?

Swali la tatu ni la thamani. Karatasi hii inatufundisha jambo gani la kuaminika?

Swali la nne ni la upungufu. Nini hakikusemwa? Nani hakuulizwa?

Tuyajaribu kwa karatasi ya Msowero. Asili: imetoka kwa Peters na wenzake, mwaka 1884. Kusudi: kumwonyesha Mfalme wao na mataifa mengine kwamba wamepata nchi. Thamani: inatuambia kwa hakika kile ambacho Peters alikitaka. Upungufu: haituambii Mangungo alielezwa nini kwa lugha yake, wala yeye alidhani anakubali nini. Haituambii watu wake walisema nini. Peters aliandika vitabu akajisifu. Mangungo hakuacha kitabu. Basi tukisema Mangungo alikuwa mjinga, tumeamini karatasi ya upande mmoja.

Haya yanatusaidia nini hapa kijijini?

Yanatusaidia sana, ndugu zangu. Siku hizi hatukosi karatasi. Yupo anayekuja na karatasi ya mkopo wa mbolea. Yupo anayekuja na karatasi ya kununua mazao yakiwa bado shambani. Yupo anayetaka ekari nyingi, na amebeba muhtasari wa mkutano uliokwisha kuandikwa.

Hapo ndipo maswali manne yafanye kazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi ya kijiji kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaidhinisha. Basi ukisomewa muhtasari, uliza. Nani kaandika muhtasari huu? Mkutano ulikuwa tarehe ngapi, na mimi nilikuwa wapi siku hiyo? Ekari ngapi, na kwa miaka mingapi? Majina ya akina mama yamo? Wafugaji waliulizwa? Kitu gani kimesemwa kwa mdomo lakini hakimo katika karatasi?

Kama hakimo katika karatasi, ukihesabu kwamba hakipo. Ukiambiwa, "Wewe tia sahihi tu, mambo mengine tutaelewana," weka kalamu chini. Mwenda pole hajikwai. Mwaka 1884 karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Leo ni ya Kiswahili, na kusoma tunajua. Tukitia sahihi bila kuuliza, kisomo chetu kitakuwa kimetufaa nini?

Kuuliza na adabu

Mzee mmoja anaweza kuniambia, "Mwalimu, ukiwafundisha watoto kuuliza-uliza, watakosa adabu." Namjibu kwa heshima: kuuliza si ujinga, na wala si utovu wa adabu. Adabu iko katika namna ya kuuliza. Mtoto aseme, "Shikamoo babu. Naomba kujua, hili ulilisikia au uliliona mwenyewe?" Swali hilo halimvunjii babu heshima. Linampa cheo cha shahidi.

Na hapa, ndugu zangu, sisi tuna utajiri ambao darasa la Geneva halina. Wao wakitaka kujua habari zetu hutafuta kitabu. Sisi mashahidi wetu wamekaa barazani.

Nitoe mfano. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wa vijijini wote wawe wanaishi katika vijiji. Watu wengi sana walihamishwa. Karatasi za serikali zinataja shule, zahanati na maji. Hayo yalikuwapo mahali pengi, na wako waliofurahi kuyapata. Lakini yuko bibi aliyeacha mikorosho yake iliyoanza kuzaa. Yuko mzee aliyeacha makaburi ya wazazi wake. Habari zao hamtaziona katika karatasi hizo. Wote wawili, aliyefurahi na aliyelia, ni mashahidi. Tukimsikiliza mmoja tu, tumefanya kama yule aliyesoma karatasi ya Peters peke yake.

Ila mashahidi hao wanapungua. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1974, leo amepita miaka 70. Kila tukimzika mmoja, tumezika na habari zake.

Kazi ya nyumbani

Kwa hiyo nawapa kazi, kama ilivyo desturi ya kisomo. Kila mmoja achukue daftari. Amwite mtoto wake au mjukuu wake anayesoma shule ya msingi. Waende pamoja kwa mzee mmoja. Wamwulize swali moja: Kijiji hiki kilianzaje, na yeye alikuwa wapi siku hizo?

Andikeni jina la mzee, umri wake na tarehe mliyoongea naye. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, msiyatengeneze. Akisema hakumbuki, andikeni kwamba hakumbuki. Kisha mkamwulize na mzee wa pili, ikiwezekana yule asiyepatana na wa kwanza. Someni habari zote mbili mbele ya wenzenu, mzipitishe katika maswali manne.

Mkifanya hivyo mmefanya kazi ile ile ya mtoto wa Moshi na wa Geneva, bila ada. Na siku mgeni atakapokuja na karatasi yake, atakuta watu waliozoea kuuliza.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nakomea hapo. Kama nami mnataka kuniuliza maswali yale manne juu ya haya niliyosema, haya, mikono juu.