Hotuba juu ya Mji wa Granada na Jimbo Lake



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema machache katika siku hii ya ukumbusho wa jumuiya yetu. Nitazungumza juu ya Granada, mji wa kusini mwa Hispania ambao Waarabu waliuita Gharnata. Mji huo u mbali nasi, lakini khabari zake zina mafunzo kwa kila jamaa ya Waislamu iliyo ndogo katikati ya watu wengi.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Jimbo la Granada lina eneo la takriban kilomita za mraba 12,600. Kusini lapakana na Bahari ya Mediterania, na nyuma ya pwani imesimama milima ya Sierra Nevada, maana yake milima yenye theluji. Kilele chake kirefu, Mulhacén, chapita mita 3,400, na jina hilo latokana na Sultani Mulai Hasan, ambaye tutamtaja tena. Mji umejengwa chini ya milima hiyo, pale mto Darro unapoungana na mto Genil, na mbele yake kuna bonde lenye rutuba liitwalo Vega. Wakulima wa Kiislamu walichimba mifereji milimani, wakayaongoza maji ya theluji mpaka mashambani, na kuyagawa kwa zamu. Katika vijiji vya Alpujarra mingi ya mifereji hiyo ingali yapitisha maji hata leo.

Waislamu walivuka bahari kuingia Hispania mwaka 711. Mwaka 755 Abdurrahman wa ukoo wa Umayya alishuka Almuñécar, katika pwani ya jimbo hili, kisha akaenda kutawala Córdoba. Mwaka 1238 Muhammad bin Yusuf, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Ahmar, aliingia Granada na kuanza kujenga jumba la Alhambra. Ukoo wake ulitawala zaidi ya miaka 250, na kutani waliandika tena na tena: Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mwaka 1349 Sultani Yusuf wa Kwanza alianzisha madrasa mjini humo.

Hapa pana jambo litugusalo sisi wa Afrika ya Mashariki. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada yapata mwaka 1350. Huko alionana na kijana mwanachuoni aitwaye Ibn Juzayy. Baadaye, mjini Fes, kijana huyo ndiye aliyeyaandika masimulizi ya msafiri yule. Basi sifa za Kilwa tuzisomazo leo zimepita katika kalamu ya mtu wa Granada.

Je, mji kama huu ulianguka vipi? Adui alikuwa na nguvu, hilo ni kweli. Lakini fitina ilimfungulia mlango. Mwaka 1482 Abu Abdillah alimpindua baba yake, Mulai Hasan. Mwaka 1483 alitekwa na Wakristo, wakamwachilia kwa masharti, naye akarudi kupigana na jamaa zake mwenyewe. Malaga ilipozingirwa mwaka 1487, hakuiokoa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru! Tarehe 2 Januari 1492 alikabidhi funguo za mji.

Mapatano yaliahidi kwamba Waislamu watabaki na dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Tangu mwaka 1499 watu walibatizwa kwa nguvu na vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto, vikaachwa vya utabibu. Mwaka 1502 Waislamu wa Castilla waliamriwa kubatizwa au kuhama, na tangu mwaka 1609 wajukuu wao wakafukuzwa Hispania.

Ndugu zangu, ufalme uliondoka, lakini mfereji wa mkulima na kitabu cha mwanachuoni vimebaki. Na mwaka 2003 msikiti mpya ulifunguliwa katika mtaa wa Albaicín, ukiielekea Alhambra. Adhana ikasikika tena baada ya karne nyingi.

Sisi hatuna majumba wala majeshi. Lakini tumepata kuona msikiti mmoja ukiwa na kamati mbili, na watoto wakikosa mwalimu kwa sababu wazee hawasemezani. Jambo hilo tusilione dogo. Tupatanishane mapema, tuwasomeshe watoto wetu, wa kiume na wa kike, na tuyaandike mambo yetu kabla wayajuao hawajaondoka.

Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo zetu na atupe elimu yenye manufaa. Amin. Wassalaam alaykum.