Sauti Iliyovuka Bahari: Siti binti Saad na Kalamu ya Shaaban Robert



Mwaka 1928 kundi dogo la wanamuziki lilipanda meli Unguja likaenda Bombay. Mwimbaji wao alikuwa mwanamke wa Fumba, mtoto wa wazazi watumwa, aliyewahi kutembeza vyungu mjini akiviuza. Kampuni iliyotoa santuri za His Master's Voice ilikuwa inaitaka sauti yake. Siti binti Saad hakujua kusoma wala kuandika. Mashairi, mahadhi na visa vya watu, vyote alivichukua kichwani.

Nimetakiwa nizungumzie muziki, kumbukumbu, safari na utunzi. Wenzangu wangeanza na wanafalsafa. Mimi naanza na meli hiyo, kwa kuwa naamini kwamba hapa pwani wimbo ulikuwa ukitunza habari za watu kabla mwandishi hajafika na kalamu yake.

Santuri ya zama hizo, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua kama dakika tatu kila upande. Taarab ya Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja alikoishi Siti, haikupimwa kwa saa. Mtu akiinuka kutunza, ubeti hurudiwa. Mpiga fidla akinogewa, huachiwa nafasi. Aliyelengwa na fumbo hujijua, na jirani zake humjua kabla yake. Hayo hayakuingia kwenye sahani. Kwa hiyo tukisema santuri zimetuhifadhia taarab ya miaka ile, tuseme kwa tahadhari. Zimehifadhi sauti na maneno, si baraza zima lililoyafanya maneno yale yachome.

Hata hivyo, zilichohifadhi si kidogo. Uchukueni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mjamzito wa Dar es Salaam alikwenda Unguja kutembea, akatoka na wenyeji wake kwenda ngomani, akauawa. Muuaji, ndiye Kijiti, alivuka bahari akakimbilia bara. Waliotiwa hatiani ni wanawake waliofuatana na marehemu, kwa habari ya pombe. Mahakama iliandika hukumu yake, na wimbo ukabaki na hukumu ya mtaa, hasa ya wanawake walioona sheria imewageukia wao. Miongo mingi baadaye mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa bado anauimba. Sidhani kama kuna aliyelifungua jalada la kesi ile kwa mapenzi. Wimbo watu wameuomba wenyewe, na kila ulipoombwa, mgeni yule wa Dar es Salaam alitajwa tena.

Ndipo anapoingia Shaaban Robert. Mtanga huyu, aliyezaliwa mwaka 1909, alizungumza na Siti katika siku zake za mwisho. Siti alifariki mwaka 1950, na Wasifu wa Siti Binti Saad ukatoka mwaka 1958. Fikirini ujasiri wa Shaaban: malenga mwenye jina, katika wakati ambao vitabu viliandikwa zaidi juu ya masultani na wavumbuzi, anakaa kumsikiliza mwimbaji aliyewahi kuuza vyungu, kisha anampa kitabu kizima. Bila kitabu hicho, maelezo ya bibi yule yangezikwa naye.

Lakini nina nongwa na kitabu hicho, na najua baadhi yenu mtanuna. Shaaban alipenda mno kufundisha. Siti wake ni mfano wa subira na bidii, mtu wa kuigwa na vijana. Siti wa santuri ana ulimi mkali. Anacheka, anasuta, anawagusa wakubwa kwa mafumbo. Wa kitabuni ni mpole kumshinda wa santurini. Wala simlaumu mwandishi kwa kuchagua; kila anayeandika kumbukumbu huchagua. Ninachokataa ni sisi, wasomaji wake, kutosheka na mmoja tukamwacha mwingine.

Nasi tumeifanya kutosheka huko kuwa utaratibu. Idara za fasihi zinamsomesha Shaaban, idara za muziki zinamsomesha Siti, na mwanafunzi anahitimu bila kuambiwa kwamba wawili hao walikaa pamoja wakazungumza.