Habari ya Hatari Isikae Ofisini

Ndugu wafanyakazi wa Kabuchai,

Twakumbuka Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na vyombo kuteka petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Malori kama hayo hupita Webuye na Bungoma kwenda Malaba, karibu na reli yetu.

Mvuke wa petroli hauonekani; hutambaa chini hata ufikie jiko. Kwa hiyo twataka wazima moto waje landhini na soko la Chwele, watuambie mapema, kwa Kiswahili na Kibukusu, tukimbilie wapi. Tangazo la Kiingereza mlangoni pa ofisi halimfikii mama aliye jikoni. Nasi kila landhi tuchague mpeleka habari.

Mafuta yakimwagika: zima jiko, ondoka, acha debe.