Plastiki ya Pikipiki Iliyopasuka: Ya Kushona Nyumbani na Isiyofaa Kuguswa

(Maelezo yaliyotolewa kwa wahudumu wa bodaboda wa kaunti)



Katika steji yoyote hapa kwetu hazikosi pikipiki mbili tatu ambazo kifuniko cha ubavuni kimefungwa kwa mpira wa tubu. Mwenyewe huona ni jambo dogo, kwa kuwa injini inawaka na abiria anafika. Lakini nyuma ya kifuniko hicho, katika pikipiki nyingi, ndiko iliko betri, fyuzi na kichujio cha hewa. Mvua na vumbi huingia hapo polepole, na hasara huonekana baada ya miezi. Madigadi ya mbele ni hatari zaidi: ikikatika na kuangukia gurudumu, inaweza kulikwamisha pikipiki ikiwa mbioni. Ya nyuma ndiyo hubeba kibao cha namba, na kibao kikidondoka mwenye pikipiki hujikuta na kesi.

Kabla ya kununua kipya, mwenye pikipiki akitoe kile cha zamani, akioshe kwa sabuni, akikaushe, kisha akigeuze atazame upande wa ndani. Mara nyingi herufi zimepigwa chapa hapo: PP au ABS. Kama hakuna, akwangue rangi, akate kipande chembamba kama ukucha na kukitia katika maji yenye tone la sabuni. PP ya kawaida huelea, ABS huzama. Jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu supaglu haishiki PP hata ikimwagwa chupa nzima. Wengi wamelaumu duka kwamba limewauzia gundi feki, kumbe kosa ni la plastiki.

Njia inayofaa aina zote mbili ni kuyeyusha na kushona, na wazee waliokuwa wakishona vibuyu vya maziwa vilivyopasuka wangeielewa mara moja. Kwanza hutobolewa tundu dogo, kama milimita 3, pale hasa ufa unapoishia. Bila tundu hilo ufa utaendelea na safari yake hata baada ya matengenezo. Upande wa nje hubandikwa utepe wa gundi ili kingo mbili zikutane sawasawa. Kwa ndani, ufa huchongwa kwa kisu uwe mfereji mwembamba, usiofika upande wa pili.

Kisha huja chuma cha lehemu. Pasipo umeme, bisibisi kuukuu iliyopashwa kwenye makaa inatosha. Kingo huunganishwa kwa nukta, moja kila baada ya sentimita mbili hivi, halafu mfereji hujazwa plastiki ya aina ileile. Kwa PP, ndoo iliyovunjika yenye pembetatu na namba 5 ni hazina. Yenye namba 2 haifai, haishikani vizuri na PP. Mwisho, vipande vifupi vya waya mwembamba hulazwa kukingama ufa na kuzamishwa kwa chuma cha moto mpaka vifunikwe. Nguvu iko kwenye waya huo. Plastiki ilainike kama nta. Ikianza kutoa moshi, chuma kimezidi moto. Iachwe ipoe yenyewe, bila kumwagiwa maji, ndipo upande wa nje upigwe msasa na kupakwa rangi.

Kwa ABS kuna njia nyingine: vumbi na vipande vyake huloweshwa kwa asetoni katika chupa ya kioo hadi viwe uji mzito, ukapakwa kwenye ufa na kuachwa ukauke usiku kucha. Supaglu na soda ya kuokea pia husaidia pale sikio dogo la kushikia skrubu lilipokatika, ingawa mchanganyiko huo hupata joto ghafla na mvuke wake huwasha macho.

Kazi hii hufanyiwa nje, penye upepo, watoto wakiwa mbali. Moshi wa plastiki ni sumu. Pikipiki yenyewe isiwe karibu, kwa maana mvuke wa petroli hautaki zaidi ya cheche moja. Asetoni nayo hushika moto upesi, kwa hiyo isikaribie makaa.

Wakati wa kurudisha kifuniko, inafaa kutazama ufa ulianzia wapi. Aghalabu ni kwenye tundu la bolti, kwa sababu washa ya mpira ilipotea na bolti ikakazwa kupita kiasi. Tubu kuukuu hutoa washa nzuri kwa mkasi tu, na bolti hukazwa hadi ishike, basi. Madigadi iliyokatika pale inaposhikwa na bolti za uma wa mbele, hiyo ibadilishwe. Mshono wa hapo hauwezi kuaminiwa barabarani.

Na helmeti haishonwi. Sheria ya Kenya inamtaka dereva na abiria wote wawili waivae, lakini iliyopasuka, hata ikigundishwa na kupakwa rangi ikang'aa, haiwezi tena kuzuia pigo. Povu la ndani likishabonyea halirudi, na asetoni au petroli ya kusafishia huweza kulila bila mtu kuona. Helmeti iliyokwisha kuanguka na dereva ikatwe mikanda kabla ya kutupwa, isije ikaokotwa na kuuziwa mwenzake.